Mifuko Tisa kwa Kila Ukurasa

Kadi ya kwanza ya picha ya mchezaji wa besiboli niliyowahi kuimiliki ilikuwa imechakaa kona zote nne, na mgongoni ilikuwa na duara la hudhurungi lililoachwa na kikombe cha kahawa. Mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia katika nyumba ya kulelea wazee mjini Pittsburgh aliitoa kwenye mtoto wa meza usiku mmoja wa mwaka 2011, akaniwekea kiganjani, kisha akavifumba vidole vyangu kwa mkono wake, kama bibi anavyompa mjukuu hela ya soda wazazi wasione. Wakati huo nilikuwa na mwaka mmoja na ushei Marekani, na besiboli kwangu ulikuwa mchezo wa watu waliosimama uwanjani muda mrefu wakisubiri jambo lisilotokea. Juu ya kadi, kwa herufi kubwa za rangi zilizopindwa kama upinde, palisomeka Pirates, yaani Maharamia, timu ya mji ule, na chini yake alikuwamo Manny Sanguillén, mdakaji kutoka Panama, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuipokea mipira yote inayompita. Ilikuwa kadi ya kampuni ya Topps ya mwaka 1972.

Sikujua niifanyie nini. Niliitia kwenye pochi, nayo ikakaa humo wiki nzima pamoja na kadi ya basi, jambo ambalo leo nikimwona mtu analifanya huwa nageuza uso.

Ili nieleweke, lazima nirudi Tanga kidogo. Nimekulia si mbali na uwanja wa Mkwakwani, na mwaka 1988, Coastal Union walipotwaa ubingwa wa Bara, nilikuwa na umri wa miaka tisa na daftari la hesabu ambalo kurasa zake za nyuma nilibandika picha za wachezaji nilizokata kwenye magazeti ya baba, wakati mwingine kabla hajayasoma. Daftari lile lilipotea tulipohama nyumba. Ushabiki haukupotea, na kila anayewashabikia Wagosi wa Kaya anajua kilichofuata: miaka mingi ya kuambiwa na mashabiki wa Simba na Yanga kwamba timu yetu ni ya kusindikiza wenzake. Kwa hiyo mzee aliponieleza kwamba Pirates hawajamaliza msimu wakiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo tangu mwaka 1992, badala ya kuwaonea huruma, nilijisikia niko nyumbani. Timu inayofungwa miaka yote na bado watu wanavaa kofia zake kwenda kazini, hiyo ninaifahamu.

Mzee yule hakuwa mkusanyaji. Alikuwa na kadi kama kumi na mbili tu, lakini kila moja alikuwa na habari zake. Habari ya Sanguillén ndiyo iliyonifunga. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1972, Roberto Clemente, nyota wa Pirates na mzaliwa wa Puerto Rico, alipanda ndege iliyopakiwa misaada ya waathirika wa tetemeko la ardhi nchini Nikaragua, na ndege ile ikaanguka baharini muda mfupi baada ya kuruka. Wenzake wa timu walisafiri kwenda kwenye ibada ya kumkumbuka. Sanguillén hakuhudhuria, kwa sababu saa hizo alikuwa baharini akipiga mbizi pamoja na waliokuwa wakimtafuta rafiki yake. Mwili wa Clemente haukupatikana. Nilipotoka kwenye chumba cha mzee usiku ule niliitoa kadi kwenye pochi, nikaitazama upya, na asubuhi nikapitia dukani kununua bahasha ya plastiki ya kuihifadhia.

Hapo ndipo nilipoanza, na nilianza vibaya, kwa kutaka kila kitu. Kadi za besiboli zimetolewa Marekani tangu karne ya 19, kwanza zikitiwa kwenye pakiti za sigara, baadaye kwenye ubani wa kutafuna ambao sisi Tanga tuliuita bigijii, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 Topps imekuwa ikitoa seti kila mwaka bila kukosa. Seti ya mwaka 1952 pekee ina kadi 407, na ya mwaka 1987 ina kadi 792. Mtu mwenye mshahara wa kuhudumia wazee akisema atakusanya zote, anajidanganya. Nilipoteza karibu mwaka mzima nikinunua hiki na kile: nyota wa New York leo, wa Boston kesho, kwa sababu tu kadi ilikuwa rahisi au picha ilikuwa nzuri. Nilikuwa na masanduku matatu ya viatu yaliyojaa, na mtu akiniuliza ninakusanya nini, sikuwa na jibu.

Mwenye duka moja dogo la kadi, bwana mwenye miwani aliyeifunga kwa uzi, ndiye aliyenishauri nijiwekee mpaka. Alinieleza kuwa wako wanaokusanya seti nzima, wako wanaomfuata mchezaji mmoja, na wako wanaofuata timu moja, na kwamba hawa wa timu ndio wanaolala usingizi mzuri. Hesabu yake ilikuwa rahisi: katika seti kubwa ya mwaka wowote wa miaka ya 1970 au 1980, timu moja hupata kadi takriban 30, na zaidi ya 25 kati ya hizo ni za wachezaji ambao hakuna mtu nje ya mji wao anayewataka, kwa hiyo utazipata kwa bei ya chapati. Ni wawili au watatu tu watakaokutoa jasho. Niliuza masanduku yale matatu kwa hasara na kubaki na Pirates peke yao.

Mpaka nao una mambo yake. Nilidhani kusema "wachezaji wa Pirates, wa zamani na wa sasa" kunatosha, mpaka nilipokutana na Sid Bream. Bream aliichezea Pirates tangu mwaka 1985 hadi 1990, kisha akahamia Atlanta, na tarehe 14 Oktoba 1992, katika mchezo wa saba wa kuamua nani aende fainali, ni yeye huyohuyo, mwenye magoti mabovu, aliyejitupa chini na kugusa kituo cha mwisho sekunde ya mwisho kabisa, akaipa Atlanta ushindi. Pirates walianza ukame wa misimu 20 mfululizo ya kushindwa. Nilipomwonyesha mzee kadi ya Bream akiwa na jezi ya Atlanta, niliyoinunua kwa nia njema ya kukamilisha historia yake, aliigeuza kifudifudi kwenye meza na kuomba apelekewe chai. Sheria ikatungwa hapohapo: kinachoingia kwenye faili ni kadi inayomwonyesha mchezaji akiwa na jezi yetu, na kilichotangulia au kufuata katika maisha yake ni shauri lake. Bream wa mwaka 1988 yumo. Bream wa mwaka 1992 hayumo.

Sheria hiyo imenisaidia kuliko nilivyotarajia. Imeniondolea, kwa mfano, mzigo wa Barry Bonds, ambaye homu rani zake 762, yaani mapigo yanayompa mpigaji mzunguko mzima wa vituo, ni rekodi ya ligi lakini 176 tu ndizo alizopiga akiwa kwetu. Sina haja ya kubishana na yeyote kuhusu dawa za kuongeza nguvu na miaka yake ya San Francisco. Ninaye kijana mwembamba kwenye kadi ya Topps ya mwaka 1987, ile yenye fremu iliyochapishwa ifanane na ubao wa mbao, na huyo ndiye wa Pirates.

Kadi hiyo ya Bonds inanikumbusha ujinga wangu mkubwa zaidi. Mwaka 2012 nilikuta mtu akiuza vitu vya nyumba iliyokuwa ikihamwa, na kwenye gereji palikuwa na katoni tano za kadi za kati ya mwaka 1987 na 1991, nyingine hata pakiti hazijafunguliwa. Nilitoa dola 200 bila kupatana, nikaona nimeokota dhahabu, na usiku nikampigia dada yangu Tanga kumwambia ada za watoto huenda zimepatikana. Sikujua kwamba miaka hiyo ndiyo ambayo viwanda vilichapisha kadi bila kiasi, kwa sababu watu walikuwa wamesoma magazetini kuwa kadi za utotoni mwao zimepanda bei, wakaanza kununua katoni nzimanzima na kuziweka darini zisubiri utajiri. Kadi za mwaka 1952 zina thamani kwa sababu karibu kila mtoto aliziharibu au mama yake alizitupa, na Topps wenyewe, waliposhindwa kuziuza zilizobaki, walizipakia kwenye mashua mwaka 1960 na kwenda kuzimwaga baharini nje ya New York. Za mwaka 1989 zina watu milioni waliozitunza. Mwenye duka alizitazama katoni zangu tano, akaniuliza kwa upole kama nina jiko la kuni.

Nilizipekua zote hata hivyo, kila jioni baada ya zamu, nikizitoa za Pirates na kuzipanga kwa mwaka. Kazi hiyo ilichukua miezi miwili, nayo ndiyo iliyonifundisha kusoma migongo ya kadi. Mbele ni picha, lakini nyuma ndiko kwenye maisha: mahali alikozaliwa, urefu, uzito, anapiga kwa mkono upi, na mistari ya takwimu ya kila msimu, pamoja na ile misimu ya ligi ndogo katika miji ambayo hakuna mtalii anayeikanyaga. Kuna mchezaji utakuta mistari saba ya ligi ndogo na mmoja tu wa ligi kuu, kisha mwaka unaofuata hana kadi. Hakuna popote palipoandikwa kwamba ameachwa. Unalijua hilo kwa kutomwona tena. Mimi niliyefanya kazi nne tofauti katika miaka miwili ya mwanzo nililielewa hilo bila mkalimani.

Kuhusu utunzaji nitasema kwa ufupi, kwa kuwa makosa yangu yanatosha kuwa onyo. Niliwahi kuzipanga kadi 60 kwenye albamu ya picha za harusi, ile yenye karatasi za gundi, na nilipotaka kuzitoa migongo ilibaki kwenye gundi na mikononi nikabaki na sura. Niliwahi pia kuzifunga mafungu kwa raba bendi, na ile ya juu na ya chini katika kila fungu ikabonyea pembeni. Plastiki za bei poa zenye harufu kali nazo hubadilika kwa miaka, zikatoa utelezi na kuing'ang'ania kadi. Sasa ninatumia kurasa za plastiki isiyo na harufu, kila ukurasa mifuko tisa, katika faili la pete, na faili husimama wima kabatini, kwani likilazwa, pete huzikandamiza kadi za kwanza.

Kosa lililoniuma kuliko yote lilihusu Clemente. Kadi yake ya mwisho ni ya mwaka 1973, iliyouzwa madukani wakati mwenyewe hayupo tena. Takwimu zake zinakomea mwaka 1972, mwaka alioumaliza akiwa amefikisha mapigo safi 3,000 kamili, la mwisho likiwa la tarehe 30 Septemba. Katika maonyesho ya kadi kwenye ukumbi fulani nje ya mji niliiona ikiwa na kona kali kama wembe, na muuzaji akaniambia ilikuwa ya marehemu baba yake. Nilijinyima mwezi mzima. Nyumbani nilipoitia kwenye mfuko wake nikaona inacheza, ilhali kadi nyingine za mwaka huohuo zilitulia. Nilichukua kadi ya mchezaji asiye na jina ya mwaka 1973, nikaipanga mgongoni mwake, nikazigonga pamoja mezani kama mcheza karata: ya Clemente ilipungua karibu milimita moja na nusu upande wa kulia. Ilikuwa imekatwa. Mtu amechukua wembe na rula, ameondoa ukingo uliochakaa ili kona zionekane mpya, na kwa kufanya hivyo ameiondolea karibu thamani yake yote. Tangu mwaka 1957 kadi za Topps zina kipimo kimoja, milimita 64 kwa 89 au karibu na hapo, na sasa siendi maonyesho bila kadi mbovu mfukoni ya kupimia. Yule muuzaji sikumwona tena. Kadi ninayo bado, nayo sijaitafutia mbadala, maana Clemente yuleyule ndiye aliyemo.

Jambo lililonishika zaidi, hata hivyo, ni jina lake. Kwenye kadi zake mbili za kwanza za Topps, za mwaka 1955 na 1956, ameandikwa Roberto Clemente. Ya kwanza sina, na kwa bei yake ikiwa katika hali nzuri mtu hununua gari lililotumika. Kuanzia mwaka 1957 ghafla anaitwa Bob. Bob Clemente, mwaka baada ya mwaka, hadi 1969, ilhali mwenyewe alikuwa akiwaambia waandishi na watangazaji kuwa jina lake ni Roberto. Katika miaka hiyo alishinda ufalme wa wapigaji mara nne na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1966, na bado kiwanda kilimwona Bob. Mwaka 1970 anarudi kuwa Roberto. Nina kadi ya mwaka 1969 na ya mwaka 1970 katika mifuko miwili iliyopakana, na mgeni akija huwa ninamwonyesha hizo kabla ya nyingine yoyote: mtu yuleyule, shingo ileile iliyonyooka, na katikati yao uzi mwembamba wa plastiki uliochukua miaka 13 kuvukwa.

Mimi naitwa Mbwana. Siku ya kwanza kazini msimamizi alilitazama jina langu kwenye fomu, akasema litawasumbua wazee, na alasiri nikapewa kitambulisho cha kifuani kilichoandikwa Ben. Sikukataa, nilikuwa nahitaji kazi. Niliitikia Ben kwa miaka mitatu. Baada ya kuzigundua kadi zile mbili nilikwenda ofisini nikaomba kitambulisho kipya, nikitarajia mabishano, na karani aliyekuwepo akakichapisha kwa dakika nne bila hata kuinua macho. Mzee wangu alijitahidi kulitamka, akaishia kuniita Wana, na Wana nikawa mpaka alipofariki mwaka 2014. Alikuwa ameshauona msimu wa mwaka 2013, ushindi 94, ukame umekwisha. Usiku wa mchezo wa mtoano dhidi ya Cincinnati tulisikiliza redioni, na sauti ya uwanja mzima ikiimba jina la mrushaji wa wageni, yule anayewarushia wapigaji mpira, hadi mpira ukamponyoka mkononi ilimfanya mzee acheke akakohoa, nikalazimika kumwita muuguzi.

Katika faili langu lenye kurasa zaidi ya 200, ukurasa ninaouthamini kuliko wote thamani yake ya fedha ni ndogo. Tarehe 1 Septemba 1971, katika uwanja wa Three Rivers, Pirates walianza mchezo dhidi ya Philadelphia wakiwa na wachezaji tisa ambao wote walikuwa weusi, Wamarekani na watu wa Amerika ya Kilatini, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ligi kuu. Pittsburgh yenyewe ilikuwa imesubiri hadi mwaka 1954 kumpa jezi mchezaji wake wa kwanza mweusi, Curt Roberts. Uwanjani siku ile walikuwamo watu 11,000 na kidogo, na magazeti makubwa ya mji yalikuwa kwenye mgomo, kwa hiyo tukio likapita karibu kimyakimya. Pirates walishinda 10 kwa 7, na mwezi uliofuata wakatwaa ubingwa.

Wachezaji tisa, mifuko tisa. Sijui kwa nini ilinichukua miaka kuliona hilo. Nilianza na Sanguillén wa mzee, mwenye duara la kahawa mgongoni, nikawatafuta wenzake wanane kutoka seti ileile ya mwaka 1972, kwa kuwa Rennie Stennett alikuwa kijana mgeni na mwaka 1971 hakuwa na kadi bado. Stennett, Gene Clines na Clemente wako mstari wa juu, Willie Stargell, Sanguillén na Dave Cash katikati, na chini wako Al Oliver, Jackie Hernández na mrushaji Dock Ellis, kwa mpangilio uleule waliokwenda kupiga. Al Oliver alinisumbua, maana Topps wa miaka ile waliuza kadi kwa mafungu kadiri msimu ulivyosonga, na mafungu ya mwisho yalipofika madukani watoto walishahamia kwenye kandanda ya Kimarekani, kwa hiyo zilichapishwa chache. Nilimpata Oliver kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza vitabu vya upishi. Nilizipanga usiku, nikauinua ukurasa mbele ya taa, na duara la kahawa likaonekana kwa nyuma kupitia ule uwazi wa pembeni. Nimewahi kupewa Sanguillén safi zaidi. Nimemweka kwingine.

Watu huniuliza kuhusu fedha, na siwalaumu, kwani kadi maarufu kuliko zote duniani ni ya mchezaji wa Pirates. Honus Wagner alituchezea tangu mwaka 1900 hadi 1917, na kadi yake iliyotiwa kwenye pakiti za sigara kati ya mwaka 1909 na 1911 iliondolewa mapema, wengine wakisema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili ya sura yake, wengine wakisema alitaka alipwe. Zilizobaki ni chache mno, na moja iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 7.25. Ninayo nakala ya kisasa ya dola moja, nayo inalijaza pengo lake vizuri. Nilifuatilia pia habari za kadi ya Paul Skenes, mrushaji wetu kijana, iliyochapishwa moja tu duniani ikiwa na saini yake na kiraka kilichotoka kwenye jezi ya mchezo wake wa kwanza wa Mei 2024. Mtoto wa miaka 11 wa Los Angeles aliifungua Krismasi ya mwaka huo. Klabu ikamwahidi, pamoja na mambo mengine, tiketi za msimu kwa miaka 30, lakini familia ikachagua mnada, na Machi 2025 ikapatikana dola milioni 1.11. Ningekuwa baba yake ningeuza vilevile. Lakini kadi za namna hiyo hutengenezwa ili ziwe adimu, wakati zile za mwaka 1952 zimekuwa adimu kwa kuchezewa, na mimi moyo wangu uko kwa zilizochezewa.

Wa sasa ninawakusanya kwa bidii ileile, ingawa kazi imekuwa ngumu kwa namna nyingine. Mchezaji mmoja leo hutolewa kadi za rangi nane, kumi, nyingine zenye nambari kwamba hii ni ya tatu kati ya 50, na mtu asipojizuia atajaza faili zima kwa Skenes peke yake. Ninachukua kadi moja ya kawaida kwa kila mchezaji kwa kila mwaka, basi. Andrew McCutchen alipouzwa Januari 2018 mifuko yake iliacha kujazwa, na kwa miaka mitano niliiacha wazi katikati ya ukurasa, mpaka aliporudi mwaka 2023 akiwa na ndevu zenye mvi.

Kisha yuko Gift Ngoepe. Alikulia Afrika Kusini, katika chumba cha ndani ya jengo la klabu ya besiboli ya Randburg ambako mama yake alifanya kazi, na tarehe 26 Aprili 2017, akiwa na jezi ya Pirates, alikuwa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza katika ligi kuu. Katika zamu yake ya kwanza kabisa ya kupiga aliupiga mpira vema, akafika kituoni. Hakukaa muda mrefu, takwimu zake ni fupi, na kadi yake haina bei ya kutisha mtu. Nilikuwa nazo tatu. Mpwa wangu wa Tanga, mwenye umri wa miaka 12, nilipomsimulia habari hizo kwenye simu aliomba moja, nami nikaitia kwenye bahasha ya plastiki, nikaiingiza kwenye kifuko kigumu, nikaibana kati ya vipande viwili vya kadibodi, nikafunga kwa gundi ya karatasi isiyoacha alama, na kuandika maelekezo ya ukurasa mzima kuhusu unyevu wa pwani, jua la dirishani na vidole vyenye mafuta.

Ilifika baada ya wiki tano. Jioni yake nikapokea picha kwenye WhatsApp: ukuta wa chumba chake uliopakwa rangi ya bluu, bango la Mbwana Samatta, kalenda ya duka la dawa, na kati yao Ngoepe, ametolewa kwenye plastiki zote, amechomwa pini kwenye kona ya juu, pini imepita katikati ya neno Pirates. Niliitazama picha ile kwa muda. Niliandika maneno, nikayafuta, nikaandika tena, nikafuta.

"Mjomba," aliandika, "mbona kimya? Umeiona? Kila anayeingia ananiuliza huyu nani."